Benki na wanaharakati wa mtaani: Nani anamhitaji mwenzake?

TUSEME wewe na wenzako mna kundi mtaani. Lilianza kama mzaha tu: mlichoka na takataka zilizoziba mitaro, mkashika sepetu na kuzoa. Halafu mkaanza kuuliza maswali. Mbona basari za kaunti huendea familia zilezile? Mbona zahanati haina dawa? Nani alizungushia uwanja wa soka mabati usiku wa manane? Leo mna wanachama 40, chifu anawajua kwa majina, na mkiitisha mkutano watu wanafika.

Siku moja simu inalia. Ni afisa wa benki, tawi la hapo karibu. Anasema wamependa kazi yenu na wangetaka "kushirikiana".

Mbogi inagawanyika papo hapo. Kuna wanaoona chapaa imefika, na kuna wanaoona mtego. Mjadala unaweza kuchukua jioni nzima kwenye kikundi chenu cha WhatsApp, na mara nyingi huishia kwa matusi.

Lakini kabla simu hiyo haijapigwa, kuna mjadala mwingine uliofanyika ambao hamkualikwa. Ulifanyika ndani ya benki. Mmoja aliuliza: hawa vijana ni nani? Mwingine akauliza: wakiingia barabarani na mabango huku wamevaa fulana zenye nembo yetu, tutamwambia nini mkurugenzi? Ukiujua mjadala huo, utaketi mezani ukiwa umejipanga. Usipoujua, utaketi kama mgeni aliyeitwa kula na hajui anayelipa ni nani.

Benki inakutafutia nini?

Tuanze na ukweli mmoja: benki si mjomba wako. Ni biashara. Inachukua pesa za watu walioweka akiba, inawakopesha wengine kwa riba, na inaishi kwa tofauti iliyo hapo katikati. Kila ushirikiano inaouingia lazima uongeze wateja, upunguze hasara, au ulinde jina lake. Kujua hili si kuichukia benki. Ni kujua unaongea na nani.

Kundi la mtaani lina kitu ambacho benki haiwezi kununua dukani, nacho ni habari za watu. Afisa wa mikopo anaweza kukaa mwaka mzima kwenye tawi na asijue ni nani mtaani hulipa deni na ni nani huhama usiku. Mweka hazina wa chama chenu anajua hayo kwa wiki moja.

Pili, kuna suala la dhamana. Mkopo mkubwa benki huutolea kwa hatimiliki ya ardhi, logibuku ya gari au hati ya mshahara. Mama mboga wa Mathare hana hata kimoja. Kijana wa bodaboda huenda pikipiki yenyewe bado iko kwenye mkopo. Hapo kundi ndilo linalogeuka kuwa dhamana: kila mmoja anamdhamini mwenzake, na akikwama mmoja, wote wanabanwa. Utaratibu huu wa kukopesha kwa makundi ndio uliozipa umaarufu taasisi nyingi za mikopo midogo, kuanzia Grameen ya Bangladesh hadi zetu hapa Kenya.

Tatu, benki hutafuta amani. Mradi mkubwa ukiingia mahali bila wenyeji kukubali, unaweza kukwama mahakamani miaka na mikaka, na mkopo ukakwama nao. Ndiyo maana Juni 2003 benki kumi za kimataifa zilikubaliana kuhusu kanuni zinazoitwa Equator Principles, zinazotaka athari za miradi mikubwa kwa watu na mazingira zipimwe kabla pesa hazijatoka. Hapa kwetu, Benki Kuu ya Kenya (CBK) ilitoa mwongozo Oktoba 2021 ukizitaka benki kuzingatia hatari zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi. Watu wa kwanza kuona mto umekauka au bahari imekula ufuo ni walio pale, si wataalamu wa ghorofani.

Na inaogopa nini?

Hofu ya kwanza ni jina. Benki ikipoteza imani ya wateja kwa wiki moja tu, inaweza kuanguka. Kwa hivyo mtu anayeilinda hiyo sifa huwaza mabaya: vipi kiongozi wa kundi akikamatwa? Vipi akigeuka mwaka wa uchaguzi na kuwania udiwani kwa tiketi ya chama fulani?

Hofu ya pili haisemwi sana, nayo ni serikali. Benki za Kenya ni miongoni mwa wakopeshaji wakubwa wa serikali kupitia hatifungani na dhamana za hazina. Kaunti na mashirika ya umma ni wateja wao pia. Sasa fikiria kundi lenu ndilo linalopigia kelele madeni ya serikali, kama vijana wengi walivyofanya Juni 2024 hadi Mswada wa Fedha ukaondolewa. Benki inayokaribia kundi kama hilo inamkaribia mtu anayemkemea mteja wake mkubwa. Haitakwambia hivyo. Itakwambia "tunasubiri idhini kutoka makao makuu", na mtasubiri hadi mchoke.

Hofu ya tatu ni ya kisheria. Benki inatakiwa kujua pesa zimetoka wapi na zinaenda wapi. Tangu Februari 2024, Kenya ilipowekwa kwenye orodha ya nchi zinazomulikwa na shirika la kimataifa la FATF kuhusu utakatishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi, ukaguzi umekuwa mkali zaidi. Kundi lisilo na karatasi kamili ni mzigo ambao afisa wa tawi hataki kuubeba.

Wanaharakati wa Pwani wanaijua hofu hii kwa upande wa pili. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliyataja mashirika ya kutetea haki ya Muhuri na Haki Africa kwenye orodha ya waliodaiwa kuhusishwa na ugaidi. Akaunti zao zikafungwa. Mashirika hayo yalikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa kupinga, na Novemba mwaka huohuo mahakama ikaamuru akaunti zifunguliwe. Katikati hapo kulikuwa na miezi ya mishahara kukwama na kazi kusimama.

Somo kwako si kwamba benki zilikuwa na nia mbaya. Amri ikitoka, benki hutii kwanza, maswali baadaye. Urafiki wenu na meneja wa tawi hautaizuia.

Mama wa watoto sita aliyezitoa benki jasho

Swali la benki kushirikiana na wanaharakati halikuanzia Nairobi. Mahali lilipopiganiwa hadi likawa sheria ni Marekani, na hasa jiji la Chicago.

Miaka ya 1930, shirika la serikali ya Marekani la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200. Mitaa iliyoonekana salama kwa mikopo ilipakwa kijani. Mitaa iliyoonekana hatari ilipakwa rangi nyekundu, na mara nyingi hatari yenyewe ilikuwa kwamba wakazi ni watu weusi au wahamiaji. Aliyeishi ndani ya wekundu hakupata mkopo wa kununua nyumba wala wa kuikarabati. Nyumba zikachakaa, thamani ikashuka, na benki zikasema: mnaona? Tuliwaambia ni hatari.

Katika mtaa wa Austin, magharibi mwa Chicago, aliishi Gale Cincotta. Alikuwa mama wa watoto sita wa kiume na hakuwa amemaliza shule ya upili. Alianza kwa kupigania shule za wanawe zilizojaa kupita kiasi. Alipochimba zaidi aliona shule zinaharibika kwa sababu mtaa unaharibika, na mtaa unaharibika kwa sababu hakuna anayekopeshwa. Mwaka wa 1972, yeye na mwenzake Shel Trapp walianzisha muungano wa makundi ya mitaa ya nchi nzima, National People's Action.

Zingatia walichofanya, maana hapa ndipo penye mafunzo. Hawakuishia kupiga kelele nje ya benki, ingawa kelele walizipiga. Waliuliza swali moja la hesabu: wakazi wa mtaa wetu wameweka kiasi gani kwenye benki hii, na benki hii imekopesha kiasi gani kwenye mtaa wetu? Benki zikakataa kusema. Wao wakasukuma hadi sheria ikapitishwa mwaka wa 1975 ikizilazimu benki kutangaza mikopo ya nyumba zinayotoa na ni ya maeneo gani. Takwimu zikawa mikononi mwa mama wa mtaani.

Miaka miwili baadaye, 1977, ikapitishwa sheria ya pili, Community Reinvestment Act, iliyofadhiliwa katika Seneti na William Proxmire na kutiwa sahihi na Rais Jimmy Carter. Sheria hiyo haikuitaja benki hata moja ikope nani. Ilisema tu kwamba benki ina wajibu wa kuhudumia eneo lote inakochukua amana, ikiwemo mitaa ya watu wa kipato cha chini, bila kuhatarisha usalama wake. Halafu ikaweka meno: benki ikitaka kufungua tawi au kununua benki nyingine, msimamizi ataangalia rekodi yake mitaani. Na wananchi wanaweza kuleta pingamizi.

Kuanzia hapo, swali ndani ya benki likabadilika. Halikuwa tena "kwa nini tuongee na hawa watu?" Likawa "tutalipa bei gani tusipoongea nao?"

Mkataba wa 1984

Jibu lilikuja mwaka wa 1984. Benki kubwa ya First National Bank of Chicago ilitaka kununua benki nyingine ya jiji hilo. Makundi ya mitaa yakaungana na kutumia sheria ya 1977 kuibana. Benki ingeweza kupambana nao mahakamani na kuchelewesha biashara yake. Iliamua kuketi nao.

Waliketi miezi, si siku moja. Mwishowe First National ikaahidi dola milioni 120 za mikopo katika mitaa hiyo kwa miaka mitano. Benki nyingine mbili, Harris na Northern Trust, zikafuata kwa dola milioni 35 na milioni 18. Jumla ni dola milioni 173.

Sasa sikiliza jinsi ilivyopangwa. Pesa hizo hazikupewa wanaharakati. Zilikuwa mikopo ya kawaida, ya nyumba na biashara, iliyotakiwa kulipwa. Kazi ya makundi ilikuwa kutafuta wakopaji, kuwasaidia kuandaa karatasi, na kuketi kwenye kamati iliyofuatilia kama ahadi inatimizwa. Benki ilipata wateja ambao isingewafikia. Mitaa ikapata mikopo. Na kundi likabaki na haki ya kusema "hapa hamjatimiza". Miaka mitano ilipokwisha, mpango uliongezewa muda. Benki haziongezi muda mipango inayozitia hasara.

Si kila mtu alifurahia sheria hiyo. Wapo waliosema inazilazimisha benki kukopesha wasioweza kulipa, na uchumi ulipoporomoka 2008 wakailaumu waziwazi. Tume iliyoundwa kuchunguza mporomoko huo ilitoa ripoti yake 2011 na kusema sheria hiyo haikuwa chanzo kikubwa; mikopo mingi mibovu ilitolewa na kampuni ambazo hata hazikuwa chini yake. Lakini wasiwasi huo ni wa kweli na utausikia hata hapa: mkopo si zawadi, na kumkopesha mtu asichoweza kulipa si kumsaidia.

Ndoa ilipovunjika

Kuna upande wa pili wa hadithi hii, na ni muhimu kwa kundi lolote changa.

ACORN ilianzishwa mwaka wa 1970 katika jimbo la Arkansas. Ilikua hadi ikawa mojawapo ya mashirika makubwa ya wanaharakati wa mitaa maskini Marekani. Ilizibana benki, kisha ikafanya nazo kazi: tawi lake la nyumba lilitoa ushauri kwa watu wanaonunua nyumba mara ya kwanza, na benki kubwa zikalifadhili. Wakosoaji wakauliza: mtu anayekulipa leo utamkemea kesho?

Lakini kilichoiua hakikuwa hicho. Mwaka wa 2008 ilifichuka kwamba ndugu wa mwanzilishi alikuwa amechota karibu dola milioni moja za shirika miaka minane hivi iliyokuwa imepita, na viongozi wachache waliojua wakanyamaza wakapanga azirudishe polepole. Wanachama hawakuambiwa. Kisha Septemba 2009 zikatoka video zilizorekodiwa kisiri, zikiwaonyesha baadhi ya wafanyakazi wa ACORN wakionekana kuwashauri watu waliojifanya wanaendesha biashara ya ukahaba. Bunge likapiga kura kukata fedha za serikali. Bank of America ikasimamisha ushirikiano wake.

Uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa California ulisema baadaye kwamba video hizo zilikuwa zimekatwakatwa na hazikuonyesha mambo yote. Ukweli ulifika ukiwa umechelewa. Kufikia machipuko ya 2010, ACORN ilikuwa imetangaza kufunga.

Chukua mawili hapo. Kwanza, benki hutoka mlangoni haraka kuliko ilivyoingia. Haisubiri uchunguzi uishe. Pili, pesa zilizofichwa wanachama ndizo zilizolimaliza shirika imani kabla ya kamera kufika. Kundi lililo safi mbele ya watu wake lina wa kulitetea siku ya mkosi.

Turudi nyumbani

Kenya haina sheria kama ile ya Marekani. Hakuna anayeilazimu benki kuonyesha imechukua amana kiasi gani Kayole na kukopesha kiasi gani Kayole. Kwa hivyo makundi ya hapa yamelazimika kujenga nguvu kwa njia nyingine.

Mfano mzuri ni Muungano wa Wanavijiji. Ulianza 1996, enzi ambazo tingatinga ziliingia mitaa ya mabanda ya Nairobi bila notisi. Wakati huo hoja ilikuwa moja tu: tusibomolewe. Lakini kupinga peke yake hakukuleta nyumba. Wakaanza kuweka akiba katika vikundi vidogo, shilingi kidogo kidogo, na kuandika kila kitu kwenye vitabu. Wakaanza pia kujihesabu: nyumba kwa nyumba, nani anaishi wapi, analipa kodi kiasi gani, maji anayatoa wapi. Mwaka wa 2003 ukaundwa mfuko wao wa fedha, Akiba Mashinani Trust, unaokopesha vikundi hivyo.

Pale Kambi Moto, Huruma, wakazi walianza mwaka huohuo wa 2003 kujenga nyumba za kudumu mahali pa mabanda, kwenye ardhi ya lililokuwa Baraza la Jiji. Nyumba zilijengwa kidogo kidogo, ghorofa kwa ghorofa, kadiri mtu alivyoweza kulipa.

Mukuru ni kesi ngumu zaidi, na inahusu benki moja kwa moja. Sehemu kubwa ya ardhi ya Mukuru iligawiwa watu binafsi miaka ya 1980 kwa ajili ya viwanda vidogo. Viwanda vingi havikujengwa. Watu wakajenga makazi. Lakini hati zilibaki, na baadhi ya wenye hati walizipeleka benki kama dhamana ya mikopo. Umeliona tatizo? Mama anayeishi pale hakopesheki kwa sababu hana hati. Mtu asiyeishi pale anakopesheka kwa hati ya ardhi ambayo mama ndiye anayeikalia. Na mwenye hati asipolipa, benki inataka kuuza ardhi yenye maelfu ya watu juu yake.

Utafiti uliofanywa na Muungano pamoja na vyuo vikuu na mashirika mengine ulionyesha pia kuwa wakazi wa Mukuru hulipia maji na umeme bei ya juu kwa kila kipimo kuliko walio mitaa ya kifahari. Maskini analipa zaidi na anapata kidogo. Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalum la Mipango, na zaidi ya mashirika 40 yakagawana kazi: afya, maji, elimu, ardhi, fedha. Kaya zaidi ya 100,000 zilihusika. Vuguvugu lililoanza kwa kuzuia tingatinga likawa linaketi meza moja na kaunti kuchora barabara.

Hiyo ndiyo nguvu ambayo benki huiheshimu: vitabu vya akiba vya miaka mingi na takwimu ambazo hata serikali hazina.

Wakati jibu sahihi ni hapana

Kuna nyakati kundi halihitaji benki kuwa rafiki. Linahitaji benki isikie.

Lamu ilipangiwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, mradi wa takriban dola bilioni mbili. Wenyeji chini ya Save Lamu, muungano wa makundi ya wavuvi, wanawake, vijana na watetezi wa urithi, walipinga. Hoja zao zilikuwa uvuvi, afya na mji wa kale ambao ni turathi ya dunia. Juni 26, 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi huo, likisema umma haukushirikishwa ipasavyo. Novemba mwaka huohuo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitaufadhili. Novemba 2020, benki ya China ya ICBC nayo ikajiondoa.

Hakuna aliyepewa hundi kubwa ya kadibodi mbele ya kamera. Lakini fikiria kama makundi yale yangekuwa yamepokea ufadhili wa "miradi ya vijana" kutoka kwa benki mojawapo miaka miwili kabla. Je, yangesimama vilevile?

Kabla hujatia sahihi

Basi simu ile imelia. Msikatae kwa kiburi, na msikubali kwa njaa. Fanyeni haya.

*Wekeni nyumba yenu sawa kwanza.* Chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022, kundi linahitaji angalau watu 10 na linasajiliwa kupitia idara ya maendeleo ya jamii. Benki itataka cheti, katiba ya kundi, kumbukumbu za mkutano ulioamua kufungua akaunti, nakala za vitambulisho na PIN za KRA. Akaunti iwe na sahihi za watu watatu, si mwenyekiti na binamu yake.

*Ulizeni pesa hizi zinaitwaje.* Ni mkopo, ruzuku au matangazo? Mkopo unalipwa. Ruzuku haina riba lakini huwa na masharti. Matangazo ni biashara: wanatumia jina lenu, na jina lina bei. Afisa akichanganya haya matatu, mwambie ayatenganishe kwa maandishi.

*Ulizeni mwenzetu akikwama itakuwaje.* Ikiwa ni mkopo wa kundi, ni nani ataorodheshwa CRB? Wengi hugundua jibu wakiwa wanatafuta kazi, miaka miwili baadaye.

*Chunguzeni benki kama inavyowachunguza.* Imekopesha nani? Ina kesi gani na wakazi wa wapi? Je, inafadhili mradi ambao wenzenu wa mtaa jirani wanaupinga? Ripoti zake za kila mwaka ziko wazi. Someni.

*Andikeni kifungu cha ulimi.* Mkataba useme wazi kwamba ushirikiano hauwazuii kusema hadharani jambo lolote, hata kuhusu benki yenyewe. Benki iliyokomaa itakubali, labda ikiomba muiambie mapema. Ikikataa kabisa, mmeshajua ilichokuwa inanunua.

*Msiweke mayai yote hapo.* Kama ushirikiano ukivunjika kesho asubuhi, kundi litaendelea? Ikiwa jibu ni hapana, ongezeni michango yenu kwanza, hata kama ni Sh50 kwa wiki.

*Wanachama waamue.* Si kamati, si mwenyekiti aliyepelekwa hotelini kunywa chai. Someni mkataba kwa sauti mkutanoni, kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu.

Na kwa afisa wa benki anayesoma hapa, kwa sababu nao ni vijana na wengi wametoka mitaa hiihii: kundi linalowauliza maswali magumu kabla ya kuchukua pesa ndilo litakalowalipa. Lile linalosema ndiyo kwa kila kitu litasema ndiyo pia kwa mwanasiasa atakayekuja wiki ijayo na bahasha.

Cincotta na wenzake walianza na swali ambalo hata wewe unaweza kulipeleka kwenye tawi la benki yako Jumatatu asubuhi: pesa zetu mnazo, mmezikopesha nani? Huenda usijibiwe. Liulize tena, ukiwa na wenzako, na uliandike.